Liko, Lipo, Limo: Juu ya Kuwapo kwa Masuluhisho Yaliyotuama

Tangu Ashton (1944) alipoichapisha sarufi yake, wanafunzi wa Kiswahili wamekuwa wakifundishwa kwamba viambishi -po, -ko na -mo hutofautisha mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani. Mwalimu yupo, mwalimu yuko Gairo, mwalimu yumo darasani. Maelezo haya yamerudiwa katika vitabu vingi vya sarufi kiasi kwamba msomaji hupita juu yake bila kuuliza swali lililo zito zaidi, nalo ni hili: kwa nini lugha humlazimisha msemaji anayetaka kusema tu kwamba kitu kipo aseme pia, walau kwa kidokezo, kwamba kipo wapi? Makala haya yanadai kwamba lazima hiyo si mzigo. Liko tawi moja la hisabati ya leo ambamo swali la kuwapo na swali la mahali ni karibu swali moja, na ambamo mtu anayefikiri kwa Kiswahili ana chombo ambacho mwenzake wa Kiingereza hana budi kukitengeneza kwa maneno mengi.

Tawi lenyewe ni lile la milinganyo ya kiduaradufu isiyo ya mstari, hususan uchunguzi wa masuluhisho yake yanayojikusanya mahali pamoja. Jina linatisha, na yafaa lifunguliwe kidogo kidogo. Mlinganyo wa aina hii huelezea kiasi fulani kilichoenea katika eneo, kama vile joto, wingi wa viumbe au kemikali, wakati ambapo mwendo wote umekwisha na hali imetulia. Kuitwa kwake cha duaradufu kunatokana na mfanano wa alama za vigezo vyake na mlinganyo wa umbo hilo. Hakuna duaradufu inayochorwa. Kutokuwa wa mstari maana yake ni kwamba ukijumlisha masuluhisho mawili hupati suluhisho la tatu. Mfano unaojulikana zaidi huandikwa hivi:

ε²Δu − u + u^p = 0

pamoja na sharti kwamba u ni chanya na kwamba hakuna kinachovuka mpaka wa eneo. Alama Δ, ya Laplace, hupima jinsi thamani ya mahali inavyotofautiana na wastani wa jirani zake. Kigezo ε hupima uwezo wa kusambaa. Kipeo p ni kikubwa kuliko 1. Katika eneo la vipimo vitatu kwa kawaida hutakiwa kiwe chini ya 5, na sababu ya namba hiyo itaonekana mwishoni.

Suluhisho moja huonekana mara moja: u = 1 kila mahali. Ni suluhisho tambarare, nalo halihitaji akili nyingi. Swali ni kama kuna jingine. Lin, Ni na Takagi walijibu mwaka 1988 kwamba inategemea ε. Uwezo wa kusambaa ukiwa mkubwa, hakuna jingine chanya ila lile tambarare. Kila rundo husawazishwa. Ukiwa mdogo, jingine linajitokeza, na sura yake ni ya ajabu: karibu eneo lote u inakaribia sifuri, na mahali pamoja tu panainuka kitu kama kichuguu kwenye mbuga. Milinganyo hiyo haikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Ilitokana na kazi ya Keller na Segel (1970) juu ya viumbe vidogo vinavyokusanyika kwa kuvutwa na kemikali vinavyoitoa vyenyewe, na na ile ya Gierer na Meinhardt (1972) juu ya jinsi umbo la kiumbe linavyoanza. Nyuma ya zote mbili yuko Turing (1952). Mfano wa kichuguu nao si wa kubahatisha. Deneubourg alieleza kwa milinganyo ya namna hiyo, mwaka 1977, jinsi mchwa wanavyoanza kusimamisha nguzo za udongo kwa kufuata harufu ya tonge zilizokwisha kuwekwa.

Sasa, mtafsiri apewe kichwa cha mada hii kwa Kiingereza, bila maelezo. Lugha hiyo hutumia neno lile lile kwa jibu la mlinganyo na kwa maji yaliyoyeyusha kitu, na sifa ile ile kwa kilichokolea na kwa kilichokusanyika. Mtafsiri mwenye Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (TUKI, 1990) mkononi anaweza kuandika kwa moyo mkunjufu kwamba makala inahusu kuwapo kwa mimunyo iliyokolea. Hapo Gairo, ambako wakazi wameyalalamikia kwa miaka mingi maji ya visima yenye chumvi, sentensi hiyo ingekubaliwa bila ushahidi wowote. Kosa si la kamusi. Kiswahili kimekwisha kutenganisha mmunyo na suluhisho, na utengano huo ni faida. Lakini faida hiyo humfikia tu yule anayekijua kinachozungumzwa.

Sifa nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Kitenzi kukolea huhusu ukali: chumvi imekolea, rangi imekolea, mapenzi yamekolea. Je, kichuguu cha mlinganyo hukolea ε inapopungua? Kwa mstari mmoja ulionyooka na p = 2, urefu wa kilele ni 1.5. Ukipunguza ε kutoka 0.1 hadi 0.01 kilele kinabaki 1.5, kinachopungua ni upana, nao hupungua mara kumi. Kwa hiyo hakuna kilichozidi ukali. Kilichotokea ni kwamba pembeni pamebaki patupu na vyote vilivyosalia vimekaa mahali pamoja. Kukolea hakufai.

Kujikita kungefaa kwa upande mmoja, kwa kuwa kunataja mahali na uthabiti, kama nguzo iliyochimbiwa. Kwa bahati mbaya kitenzi hicho kimechoshwa na tasnifu, ambamo kila sura “imejikita katika kuchunguza” jambo fulani, hata msomaji haoni tena nguzo wala shimo. Zaidi ya hayo, kiambishi -ji- hulifanya suluhisho kuwa mtenda. Mlinganyo wa kiduaradufu hauna wakati ndani yake. Hakuna kinachotenda, kuna hali tu. Kiswahili kina kauli iliyo mahsusi kwa hali za mkao, ile ambayo baadhi ya wanasarufi huiita kauli ya kutendama, yenye kiambishi -am-: inama, gandama, tuama. Maji ya mvua yaliyotuama bondeni yamemaliza safari. Hayaendi popote, na mahali yalipo pameamuliwa na umbo la ardhi. Hivyo ndivyo hasa ilivyo. Istilahi inayopendekezwa hapa ni suluhisho lililotuama. Mtu anaweza kupinga kwamba maji hutuama bondeni ilhali kichuguu huinuka, na pingamizi hilo lina uzito kiasi, ila kinachotajwa na kitenzi ni mkao wala si urefu.

Hadi hapa ni mambo ya istilahi. Jambo lililo kubwa zaidi liko katika neno kuwapo.

Anayesafiri kutoka Morogoro kwenda Dodoma huiacha milima ya Uluguru nyuma, na baada ya Dumila barabara huanza kupanda kuelekea Gairo, vilele vya Ukaguru vikibaki upande wa kusini. Mhandisi wa barabara hatafuti njia fupi tu. Hutafuta njia ambayo sehemu yake ya juu kabisa iko chini kuliko sehemu ya juu kabisa ya njia nyingine yoyote. Waliojenga reli ya kati zamani za Wajerumani walitafuta jambo hilo hilo, wakapitia Kilosa. Ambrosetti na Rabinowitz (1973) waligeuza hekima hiyo kuwa nadharia. Kila fanksheni hupewa nishati. Suluhisho ni mahali ambapo mteremko wa nishati ni sifuri. Ikiwa sifuri imekaa katika bonde, na ng'ambo ya mbali kuna bonde jingine la chini zaidi, basi kila njia ya kutoka huku hadi huko haina budi kupanda kisha kushuka. Ile ambayo kilele chake ni cha chini kuliko vyote hupita kwenye kipito, na kipitoni mteremko ni sifuri. Pana sharti la kiufundi la kuhakikisha kwamba kipito hakikimbilii mbali bila kikomo. Likitimizwa, suluhisho limepatikana.

Je, haliwezi kuwa lile lile tambarare? Hesabu fupi inatosha. Kwa eneo la bapa lenye ukubwa wa 1 na p = 3, nishati ya u = 1 ni robo, ε iwe iwavyo. Nishati ya kipito, kwa upande wake, hupungua pamoja na ε². Kwa hiyo ε ikiwa ndogo vya kutosha kipito kiko chini ya robo, na suluhisho la kipitoni si lile tambarare. Uthibitisho umekamilika. Lakini msomaji aangalie ulichosema. Umesema kwamba liko suluhisho jingine. Haujasema lina sura gani, wala kichuguu kimesimama upande gani wa eneo. Kwa Kiswahili sahihi, uthibitisho wa kipito unathibitisha -ko.

Ni na Takagi walitumia miaka kadhaa kuvuka kutoka hapo. Katika kazi zao za mwaka 1991 na 1993 walionyesha kwamba suluhisho lenye nishati ndogo kuliko yote, ε ikiwa ndogo, lina kilele kimoja tu. Kwamba kilele hicho kimo mpakani hasa. Na kwamba ε inapopungua hukaribia mahali ambapo mpaka umepinda kuliko kwingine. Sababu inaweza kuelezwa bila alama. Kichuguu kilichosimama katikati ya eneo hugharimu nishati ya kichuguu kizima. Kilichoegemea ukuta hugharimu nusu, maana nusu yake nyingine imekatwa na ukuta. Na pale ukuta unapopinda kwa kukumbatia eneo, hata ile nusu hupungua kidogo. Tofauti hiyo ndogo, ambayo ni ya daraja la ε ukilinganisha na gharama yenyewe, ndiyo inayoamua mahali. Hapo sasa mtu anaweza kunyoosha kidole: lipo.

Sharti la mpakani likibadilishwa, u ikilazimishwa kuwa sifuri kwenye ukuta, mambo yanageuka. Ukuta haukatii tena gharama bali unaiongeza, na kichuguu hukimbilia mbali nao. Ni na Wei (1995) walithibitisha kwamba suluhisho la nishati ndogo hutuama pale palipo mbali na mpaka kuliko kwingine kote. Limo. Gui na Wei (1999) waliporudi kwenye sharti la kwanza, walionyesha kwamba idadi yoyote ya vichuguu vya ndani utakayoitaka inapatikana, mradi ε iwe ndogo vya kutosha, na mahali pake ni kama pa mipira iliyopangwa ndani ya sanduku, kila mmoja ukimsukuma mwenzake na ukutani. Inapendeza kukumbuka kwamba watafiti waliofanya kazi Mpala, Laikipia, walichapisha mwaka 2010 vipimo vinavyoonyesha kuwa vichuguu vya mchwa huko navyo hukaa kwa kuachiana nafasi kwa utaratibu, ingawa mchwa wana sababu zao na zisichanganywe na za mlinganyo.

Namna ya kuthibitisha ndiyo inayomhusu mwanaisimu kuliko matokeo. Floer na Weinstein (1986), wakishughulikia mlinganyo wa jamaa ya huu ambamo kila mahali pana kimo chake cha nguvu za nje, hawakuanza na kipito. Walianza na mahali. Walichukua kichuguu cha kukadiria, wakakisimamisha mahali fulani, wakauliza kinapungukiwa nini ili kiwe suluhisho la kweli. Kwa mbinu iliyorithiwa kutoka kwa Lyapunov na Schmidt mwanzoni mwa karne ya 20, karibu upungufu wote huweza kusahihishwa popote kichuguu kilipo. Kinachobaki bila kusahihishwa ni kidogo sana: ni mvuto wa kukisogeza kichuguu huku au huko. Mvuto huo hutoweka mahali maalumu tu, pale ambapo nguvu za nje zimefikia kilele au kikomo cha bonde. Tatizo lenye vigezo visivyohesabika limegeuka kuwa tatizo la kutafuta nukta. Ukiipata nukta, umethibitisha kwamba suluhisho lipo. Usipoipata, huna uthibitisho. Katika mbinu hii hakuna -ko inayotangulia -po. Kuwapo kunapatikana kwa kupata mahali.

Lipo pingamizi ambalo haifai kulikwepa. Msemaji wa Kiswahili akisema Mungu yupo haonyeshi mahali popote, na jina la dhana nzima, kuwapo, limejengwa kwa -po. Huenda basi -po imekwisha kuwa alama ya kuwapo kutupu. Tena katika mazungumzo ya bara leo yupo imesambaa hata pale ambapo sarufi ingetaka yuko, na anayeuliza kwa simu “upo wapi?” hacheki wala hachekwi. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo kupungua kwa tofauti katika mazungumzo si hoja ya kuifuta katika maandishi ya kitaaluma. Lugha ya taaluma daima huchukua tofauti ambazo mazungumzo huziacha zilegee na kuzikaza. Kwa kuwa istilahi za hisabati ya juu bado hazijakaa sawa, hapana haja ya kusanifisha umbo moja la “kuna” kwa kila alama ya kuwapo na kuyatupa mengine. Nani atafaidika na umaskini huo?

Atakayepata hasara anajulikana. Ni mwanafunzi wa Gairo. Mji huo, ambao ni makao makuu ya wilaya iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, uko katika eneo la Kikaguru, lugha ambayo Petzell aliiandikia sarufi mwaka 2008 na ambayo, kama lugha nyingi za Kibantu, ina ngeli za mahali tatu. Mtoto anayeizungumza nyumbani anafika shule akiwa amezoea kwamba mahali si pamoja. Kiswahili cha shule ya msingi kinamthibitishia. Kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta hisabati kwa Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja kinatosha kwa kila namna ya kuwapo. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mapema katika miaka ya tisini. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Sera ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote, na darasa la hisabati la sekondari limeendelea kuwa la Kiingereza. Mjadala huo umekuwa ukiendeshwa kana kwamba suala ni kuelewa au kutoelewa. Ni hivyo, lakini kuna na hili, ambalo husemwa mara chache: mwanafunzi huyo anaombwa aweke chini tofauti ambayo wanahisabati walihitaji kurasa nyingi za majarida kuieleza.

Si kwamba sarufi humfanya mtu kuwa mwanahisabati. Wachina, Wajapani na Wajerumani waliofanya kazi zilizotajwa hapa hawakuwa na -po wala -mo. Dai ni dogo zaidi, nalo ni kwamba mwalimu mwenye viambishi hivi vitatu anaweza kuuliza swali sahihi kwa neno moja. Mwanafunzi akimaliza uthibitisho wa kipito na kuandika “kwa hiyo lipo”, mwalimu atamuuliza: lipo, au liko?

Tofauti hiyo hujionyesha kwa nguvu zaidi katika ukanushi. Kipeo p kikifika pale palipotajwa mwanzoni, 5 kwa vipimo vitatu, tabia ya mlinganyo hubadilika. Chukua u^5 peke yake, bila lile neno −u, na u iwe sifuri mpakani. Sasa kichuguu kinaweza kuwa chembamba zaidi na kirefu zaidi bila gharama kuongezeka, na hapo kwa mara ya kwanza kitenzi kukolea kinapata haki yake. Kipito kinaweza kukimbia, na lile sharti la kiufundi linavunjika. Pohozaev alithibitisha mwaka 1965 kwamba katika eneo ambalo kuna nukta inayoweza kuona kila mahali pake bila kuzuiwa na ukuta, suluhisho chanya halipatikani kamwe. Hapa mwanafunzi akiandika “halipo” ameacha mlango wazi, kwa kuwa kisichopo hapa chaweza kuwa kwingine. Uthibitisho wa Pohozaev unasema haliko.

Coron (1984) alitoboa tundu dogo katika eneo kama hilo, na suluhisho likarudi. Bahri naye, akishirikiana na Coron, alionyesha mwaka 1988 kwamba katika vipimo vitatu eneo lolote lisiloweza kusinyazwa ndani yake lenyewe hadi kuwa nukta linalo suluhisho, ingawa uthibitisho wao hausemi limesimama upande gani. Katika eneo la Coron mahali panajulikana: tundu likizidi kupungua, kichuguu husogea kando yake na kukolea hapo.